Kukinga Kuna Maana Mbili

Kuze, Mombasa
Jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Twahiri,

Assalaam alaykum. Salamu zote nilizokupa tangu ulipojua kuitikia nimekupa kwa mkono, lakini leo mkono wangu umepigwa marufuku. Mimi nimefungiwa chumba cha juu hapa nyumbani, nawe umehamishiwa kwa shangazi yako Shamsa kule Kibokoni, na baina yetu pana vichochoro viwili vitatu na amri ya dada yako Zainabu. Hata barua hii hutaishika. Zainabu atasimama mlangoni kwa shangazi yako akusomee. Nilipomwuliza kama karatasi huchukua ugonjwa, alisema hana hakika, na kwamba jambo asilo na hakika nalo halijaribu kwako. Basi vumilia sauti yake. Nawe Zainabu, soma kama ilivyoandikwa. Mahali nitakapokutaja usiruke.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala ya kupunguza chumvi, wala ya kuweka pasi ya safari mfuko wa ndani. Mama yako ameyasema hayo mara nyingi hata shangazi yako ameyahifadhi. Mimi nina mambo yangu, na mengi katika hayo ni makosa. Niliishi kwa kusahihisha makosa ya watoto wa watu kwa wino mwekundu, na sasa umenifikia mimi.

Nianze na la wiki hii, kwa kuwa ndilo linalosafiri nawe.

Ubavu wangu ulianza kuchoma kama mtu aliyeegemea sufuria. Kisha vikatoka vipele, vimepangana upande mmoja wa kiuno. Nikasema ni joto. Nikapaka mafuta ya nazi, nikafunga kikoi changu, nikanyamaza. Nyumbani mna muuguzi aliyesomea kazi yake London, aliyekuja kwa ajili ya ugonjwa wako wa figo tu, naye ni binti yangu. Na kwa sababu hiyohiyo, kwamba ni binti yangu, sikuweza kuinua kanzu mbele yake. Niliita haya. Kila jioni nikaja kukaa kitandani pako, bega kwa bega, tukasoma gazeti moja, wewe ukishika upande huu nami upande huu. Wakumbuka ulivyonicheka kwa kusahihisha gazeti kwa kalamu? Nilikuwa nimekaa karibu nawe kuliko nilivyopata kukaa tangu ulipokuwa mdogo, na nilifurahi.

Mama yako ndiye aliyeona fulana imegandana na ngozi. Akamwita Zainabu.

"Baba, inua."

"Nimekwisha kupaka mafuta."

"Sikuuliza umepaka nini. Inua, ama mama atainua."

Mama yako akainua. Zainabu akatazama, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Mkanda wa jeshi." Kisha hakunitazama tena mimi. Alimgeukia mama yako: "Twahiri amepata kuugua tetekuwanga?"

"Hata," mama yako akajibu. "Wewe ndiwe uliyeugua. Yeye tulimpeleka Lamu kwa bibi yake, asiambukizwe."

Uliona wewe mwenyewe yaliyofuata: shuka begani, viatu mkononi, unatolewa nyumbani mwenu kama mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi. Ulipofika chini nikakusikia ukisema kwa sauti, "Kumbe baba amekuwa askari! Amefungwa mkanda na cheo hatuambii!" Majirani walicheka. Nilishukuru kwa kicheko hicho.

Sasa elewa nilichokifanya, kwa maana nimeeleweshwa. Mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ileile. Mimi niliugua nikiwa mdogo, kabla sijaanza chuo cha Kurani, nikapona, nikadhani imetoka. Haikutoka. Iliingia katika mishipa ya fahamu ikalala humo miaka yote, nikisoma, nikioa, nikifundisha, nikiwazaa ninyi. Na uzee uliponipunguza nguvu, ikaamka. Asiyepata kuugua akikaa karibu nami, hatapata mkanda, atapata tetekuwanga. Kwa mtoto wa jirani ni wiki ya kujikuna. Kwako wewe ni jambo jingine, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize.

Zainabu alipotufikia kutoka Uingereza, alitueleza mambo haya barazani, nami nikamkatiza kila sentensi ya tatu. Alisema mwili hauna adabu ya mgeni. Ukitiwa figo la mtu mwingine, hata la dada wa baba mmoja mama mmoja, mwili hulitazama kama mwizi na kulipiga mpaka life. Kwa hivyo wagonjwa hupewa vidonge vya kushusha kinga, ili mlinzi alale na mgeni akae.

"Mlinzi akilala," nikamwuliza, "si mwizi wa kweli naye ataingia?"

"Ndiyo, baba. Virusi huingia. Na vilivyokuwa vimelala ndani huamka."

"Kimoja ni kirusi? Kirusi ni lugha ya Warusi."

"Na kinaua kuliko Warusi, baba. Niache nimalize."

Alimaliza. Wagonjwa aliowauguza huko, alisema, wengine figo lilikubali, mkojo ukatoka, uso ukapungua uvimbe, wakaanza kutembea baraza ya hospitali. Kisha mjukuu akaja kuwatazama na kikohozi, au tetekuwanga inayoanza, na kitu kidogo hicho kikafanya kazi ambayo kisu hakikufanya. Hakusema ili kututisha. Alisema kwa sababu ndiyo kazi yake huko: kukaa mlangoni.

Alipoanza kukaa mlangoni petu nilimwonea haya mbele za watu. Nyumba yetu haijapata kumrudisha mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Bi Rehema wa nyumba ya pili alipopiga hodi na bakuli la uji wa mtama, nilikuwa nimekaa hapo ndani, nikasikia yote.

"Karibu uji, Bi Rehema, wewe baki hapo hapo."

"Ati nibaki wapi? Mwana huyu nilimwogesha mimi!"

"Ulimwogesha huna mafua. Leo unayo."

"Haya mafua tu, mwanangu, si ndui."

"Basi yapeleke kwako yakalale, bibi. Hapa hatuna kitanda cha mafua."

Bi Rehema akacheka mpaka akakohoa, na alipokohoa Zainabu akafunga nusu ya mlango. Mimi nikatoka kwa hasira. Nikamwuliza ni nani aliyemfunza kuwakinga wageni. Wageni hukaribishwa, kinachokingwa ni mvua.

Akanijibu kwa upole, ule upole wa wauguzi unaokera. "Mvua hukingwa kwa mwavuli, na mvua hukingwa kwa ndoo. Sasa baba nisahihishe, wewe ulisema ipi?"

 Na wewe unajua ametoa wapi. Kila mwaka nilipoanza na darasa jipya niliandika ubaoni: Asha amekinga mvua. Eleza maana mbili. Wavivu waliona moja, kwamba Asha amejizuia asilowe. Wenye akili waliona na ya pili, kwamba ametega chombo apate maji. Nilijivuna na sentensi hiyo. Niliwaambia kwamba kitenzi kimoja kinaweza kumfukuza mgeni na kumpokea, na kwamba mtu asiyejua ni wakati gani ni ipi, hajui lugha. Nilisema hivyo miaka mingi sikujua ninasema nini. Sasa mwanangu mwenyewe anakwenda kuishi ndani ya kitenzi hicho: mwili wako ukinge figo kama ndoo inavyokinga maji, na sisi tulio nje tuwe mwavuli.

Kuna kosa jingine la sarufi, na hili lina Zainabu ndani yake. Asome polepole.

Siku alipotuambia kwamba damu yake na yako zimepatana, mama yako alikuwa anachambua mchele, mimi nipo kitini. Zainabu akasema, "Nitampa Twahiri figo yangu moja."

Nami nikasema, "Figo langu moja."

Si kwa ubaya. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama mguu unavyojua ngazi ya nyumbani. Mtoto anatoa kiungo cha mwili wake, na baba yake anampa upatanisho wa ngeli. Mama yako aliusukuma ungo, akaondoka. Zainabu akasema, "Figo langu moja, baba. Ahsante," na akaokota mchele uliomwagika. Tangu siku hiyo nimetafuta sentensi ya kumwambia. Kila ninayoitunga ni sahihi na haifai. Basi nimwambie hapa, kwa kuwa atalazimika kuitamka kwa kinywa chake mwenyewe: Zainabu, sikuwa nasikia makosa yako, nilikuwa naogopa, na nilishika kitu pekee ninachojua kukishika. Unipe radhi.

Haya, mrudie ndugu yako.

Twahiri, nimepata habari kwamba hospitali ya London unakokwenda imekuuliza jambo, nawe hujajibu. Kuna kidonge kipya. Wanataka kuwapa waliotiwa mafigo kipindi chote cha baridi, wakimeze wakiwa wazima, ili homa ya mafua ya huko isiwaingie. Ni kwa homa hiyo tu. Tetekuwanga haina kidonge bado. Na Zainabu akikuuliza umeamuaje, wewe unamjibu kwa maneno yangu: "Baba amesema dawa ni ya mgonjwa."

Ni kweli nilisema. Nilisema tangu mkiwa wadogo, kila mama yako alipotaka kuwapa kitu cha kuzuia. Ni sentensi fupi, yenye kiima na kiarifu, haina doa, na ni upuuzi.

Wamkumbuka Mwalimu Yosefu? Mtu wa bara, Mkristo, mrefu, aliyefundisha hesabu katika shule yetu na kukaa karibu na Marikiti. Kila Jumapili akitoka kanisani alimeza kidonge cha kuzuia malaria. Siku moja alikuja kututembelea, akakitoa mfukoni, akaomba maji. Nikamwuliza mbele ya wageni, "Mwalimu, unaumwa nini?"

"Siumwi," akasema.

"Kama huumwi, unameza nini?"

"Kama ningekuwa naumwa, ningekuwa nimechelewa." Akameza.

Baraza nzima ikamcheka, mimi mbele yao. Nikasema watu wa bara huweka matanga kabla ya maiti. Yeye akacheka pia, alikuwa mtu mwema. Lakini masika yalipoingia, mwenzako nilikuwa nimelala chini ya mablanketi matatu natetemeka, na Mwalimu Yosefu anafundisha darasa lake na langu. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Alikuwa akipita alasiri kunijulia hali, anakaa mbali kidogo, na hata siku moja hakunikumbusha. Hilo ndilo lililonizuia kubadilika. Laiti angenisuta, ningeweza kushindana naye.

Kwa hivyo ninaifuta sentensi yangu. Futa na wewe. Sisemi ukimeze kidonge hicho kwa sababu nimesema; nimekwisha kuona sentensi zangu zinavyofanya kazi zikiachwa peke yake. Waulize madaktari kinajulikana nini juu yake na hakijulikani nini, na kina madhara gani, kisha uamue. Ninachokuomba ni kwamba usikikatae kwa kunitii.

La mikono nalo. Mimi ndimi niliyekufunza kumshika mkono kila mzee na kuubusu. Ulipokuwa na miaka minne hivi ulikuwa ukitoka msikitini ukiubusu kila mkono uliokutana nao, mpaka wa mwuza kahawa uliokuwa na masizi, ukarudi na mdomo mweusi, nami nikajisifu. London wako watu wetu, mabaharia na wanafunzi, na wakisikia kijana wa Kuze yuko hospitali watakuja. Watakuja na halua, watakuja na mafua. Watakunyoshea mikono. Weka wako kifuani, uiname, useme unakatazwa. Watakuona umekuwa mzungu. Na wakuone. Heshima niliyokufunza ilikuwa na mwili mmoja tu, nami sikufikiri kwamba inaweza kuvaa mwingine.

Na haya. Neno hili naliandika kwa uzito kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa. Nilikufunza haya, nawe umeishika. Najua mwanzo wa ugonjwa wako ulificha kwamba mkojo umebadilika, kwa kuwa hayo si mambo ya kumwambia baba. Ukaficha wewe, nikaficha mimi, kila mmoja ameinamisha macho kwa adabu, na ugonjwa ukapita katikati yetu umenyosha shingo. Huko utakapokuwa, kipele kimoja kikitoka, koo likiwasha, mahali popote pakikuchoma, hata pale pasipotajwa, mwite mtu umwoneshe. Usingoje kiwe na jina. Mimi nilikuwa nalo jina, joto, na halikuwa lake.

Sasa hali ilivyo ni hii. Zainabu alipeleka telegramu siku ileile, na wamejibu: uje. Hawatakukata mara moja. Utakapofika watakuchoma sindano ya maji yaliyotolewa katika damu ya watu waliougua ugonjwa huu wakapona. Kinga yao imo humo. Zainabu hasemi kwamba itauzuia, anasema huenda ikaupunguza makali, na kwamba hata hiyo imechelewa kwa siku nilizonyamaza. Kisha watakuweka chumba chako peke yako na kungoja wiki kadhaa. Ikiwa hukuambukizwa, mtalazwa wewe na dada yako. Ikiwa uliambukizwa, utaugua kwanza, na mafigo yako yaliyochoka yatalazimika kukubeba mpaka upone. Hayo ndiyo tusiyoyajua kama yataweza. Hakuna wa kuniambia mimi ni yupi kati ya baba wawili: aliyesoma gazeti na mwanawe, au aliyemtia ugonjwa. Nitajua kwa barua, baada ya kila mtu.

Nilimwuliza Zainabu kama hakuna kidonge, hata cha kujaribu. Akasema iko dawa ya kutia machoni kwa kirusi kimoja, na wako watu wanaotafuta za kumeza. Akasema ana yakini kwamba itafika siku mtu aliyetiwa figo atapewa kidonge pamoja na vile vya kushusha kinga, ameze kabla ya lolote kuamka, na baba yake aje akae kitandani pake. Hakusema karibuni. Sipendi kuishi kwa wakati ujao usio na tarehe, lakini huo nimeupokea.

Watu wameniuliza msikitini kama inajuzu mtu kutoa sehemu ya mwili wake. Nimewajibu kwamba nimewauliza wanaojua kuliko mimi, na kwamba aliyeniuliza kwa kutaka kujua nitamweleza, na aliyeniuliza kwa kutaka kusema aende akaseme. Huo ni ukali wa mwisho nitakaokuonesha kabla ya safari. Uliobaki nautunza.

Kesho asubuhi gari halitaingia mtaani, mnajua. Mtapita kwa miguu chini ya dirisha letu mkielekea barabarani. Zainabu amekubali usimame upande wa pili, penye duka la fundi saa, si karibu zaidi. Mimi nitakuwa dirishani. Usiite, kwa kuwa nitataka kujibu na sauti yangu haitakuwa sahihi. Weka mkono kifuani, uiname. Nami nitafanya vivyo hivyo. Itakuwa mara ya kwanza mimi kukuinamia wewe, na mtaa mzima utaona, na waone.

Jambo dogo, halafu nimalize. Nilipiga marufuku Kimvita cha mama yako mlangoni mwa nyumba hii. Yeye husema ndoo, nami nilitaka mseme njoo, nikawaambia ndoo ni chombo cha maji. Wewe ulikuwa na miaka saba. Mama yako akakuita kutoka jikoni, "Twahiri, ndoo!" nawe ukaenda umebeba ndoo. Akakwambia, "Si ndoo, ndoo wewe!" ukaiweka, ukarudi na nyingine. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuadhibu kwa hilo. Ulisimama pembeni umenikazia macho, huku unaniuliza bila kusema ni kosa gani ulilofanya, na hadi leo silijui.

Mvua zijazo mama yako ataitega ndoo ileile chini ya bomba la paa, kama kila mwaka, na nitaisikia ikijaa. Figo la dada yako likikupokea na ukalipokea, usiandike barua ndefu ya kunieleza. Wala usijali ngeli.

Ukipona, mwanangu, ndoo.

Baba yako